Nguruwe wakianza kufa, usimwite mchinjaji

Nilikuwa na nguruwe saba hapa Panzi, mjini Bukavu. Aliyeniletea homa ni dume wa kuazima. Siku kumi baada ya kumrudisha, jike wangu mkubwa alikataa kula asubuhi, na jioni masikio na tumbo vilikuwa vyekundu kama vilivyochapwa. Wiki ya pili banda lilikuwa tupu. Sikuwa nimemuuliza mwenye dume kama kwake kuna nguruwe aliyekufa mwezi huo. Wewe uliza.

Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, kwa hiyo pesa ya sindano iweke. Haimwambukizi mtu, na hapo ndipo tunapoponzeka: kwa kuwa nyama haitudhuru, mfugaji anachinja usiku na kuuza soko la Kadutu alfajiri. Kirusi hukaa miezi ndani ya nyama, hata ya kukausha. Maji ya kuoshea nyama na mabaki ya sahani vinamwagiwa nguruwe wa mama mwingine kule Bagira, naye analia kama nilivyolia mimi. Mwaka 2007 homa hii ilivuka hadi nchi ya Georgia, na yanayoshukiwa ni mabaki ya chakula cha meli.

Basi siku ileile fungia wote bandani, kisha mwarifu chefu wa karte, yaani mkuu wa mtaa, na veterineri (daktari wa mifugo) wa serikali. Mzoga usiupasue kutafuta ugonjwa, maana damu ndiyo imejaa kirusi. Mwachie veterineri achukue sampuli. Atakuuliza ulinunua wapi, nani aliingia bandani, dume alikwenda kwa nani. Mjibu yote, hata kama kuna jirani atakayekasirika.

Serikali ikitangaza karantini, hakuna nguruwe anayeingia wala kutoka, na soko la nguruwe linafungwa. Wagonjwa na waliolala nao wanauawa. Najua inauma, hasa yule anayeonekana mzima. Lakini huyo mzima wa leo ndiye anayepeleka homa kwenye avenyi (barabara) ya pili.

Shimo lichimbwe refu, mbwa wasifukue. Kwetu milimani angalia mvua inateremkia wapi: usizike juu ya chemchemi wala juu ya banda la mtu. Halafu kwangua mavi yote, osha kwa sabuni, ndipo umwage javeli, dawa ya kung'arisha nguo, na kuiacha nusu saa. Ukiimwaga juu ya uchafu umeipoteza bure. Viatu na ndoo pia.

Banda likae tupu siku 40 angalau. Kisha weka watoto wawili tu, uwaangalie wiki sita kabla ya kuongeza wengine. Mabaki ya chakula yachemke nusu saa nzima huku unakoroga. Mimi nilianza tena na wawili, na kila asubuhi kitu cha kwanza ninachotazama ni masikio yao.