Jinsi Tone Lenye Chaji Linavyozaa Ioni

Somo hili linahusu yanayotokea kati ya ncha ya sindano na mlango wa spektrometa ya masi (kifaa kinachopima masi za molekuli), ambako molekuli zilizoingia zikiwa ndani ya kimiminika hutoka zikiwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, katika hali ya gesi.

Hatua ya kwanza: Mmumunyo husukumwa polepole ndani ya sindano nyembamba yenye volti 2,000 hadi 5,000. Volti ikiwa chanya, ioni chanya hukusanyika kwenye uso wa kimiminika, na tone la nchani huvutika hadi likawa na umbo la pia (koni), ambayo ncha yake hutoa uzi mwembamba unaokatikakatika kuwa matone.

Hatua ya pili: Nitrojeni yenye joto huyakausha matone hayo. Hapa msomaji atulie, kwa kuwa ndipo penye kiini cha somo: kiyeyushi (kimiminika kilichoziyeyusha molekuli) huondoka, chaji hubaki. Mwanafizikia Rayleigh alionyesha mwaka 1882 kwamba tone lina kikomo cha chaji, yaani pale kusukumana kwa chaji kunapolingana na mvutano wa uso unaolishikilia. Nusu kipenyo kikipungua hadi robo, kikomo hicho hushuka hadi thumuni. Tone likikifikia, halikatiki vipande viwili sawa, bali hurefuka na kurusha vitone vinavyobeba takriban asilimia 2 ya masi yake lakini asilimia 15 hivi ya chaji.

Hatua ya tatu: Tone likishabaki la nanomita chache, ioni ndogo huruka zenyewe kutoka usoni, kama walivyoeleza wanasayansi Iribarne na Thomson mwaka 1976. Protini kubwa iliyojikunja husubiri hadi kiyeyushi kiishe, na chaji zilizosalia huikalia, wazo alilolitoa mwanakemia Dole mwaka 1968. Kwa maoni yangu maelezo haya hayapingani; kila moja lina molekuli zake.

Maswali ya wanachama

*Chaji hasi huenda wapi?*
Kwenye chuma cha sindano hutokea uoksidishaji, yaani kupoteza elektroni, na elektroni hizo hurudi kwa waya hadi kwenye chanzo cha umeme. Mzunguko huo ukikatika, mnyunyizo hukoma.

*Mbona chumvi kidogo tu huharibu matokeo ya protini?*
Chumvi haivukizi. Katika tone la mwisho hubanwa pamoja na protini, na kila sodiamu inayochukua nafasi ya protoni huongeza masi kwa 22, hivyo kilele kimoja kwenye grafu ya matokeo hugawanyika kuwa vingi. Badilisha chumvi hiyo kwa amonia asetati, ambayo huondoka ikiwa mvuke.