Jinsi ya kuendesha nyumba dunia ikiwa imechafuka

Tuanze na simu maana huko ndo kichwa kinapoharibikia. Tangu WHO waseme Machi 2020 kwamba Korona ni janga la dunia nzima, ikafuata vita ya Ukraine Februari 2022, halafu joto, moto wa misitu na mafuriko kila kukicha, watu wengi tumezoea kuamka na kukimbilia habari hata uso hatujanawa. Panga mara mbili tu kwa siku za kusoma habari, mchana na jioni mapema, usisogeze karibu na kulala, na notifikesheni zote zima isipokuwa za tahadhari za hali ya hewa. Habari kubwa kweli itakufikia tu, kwenye grupu la familia hakosekani mtu asiyeweza kukaa nayo.

Na watoto wanasikia kuliko unavyodhani. Mtoto akikuuliza mkiwa mezani "hivi vita itakuja na kwetu?" usimwambie kula unyamaze, ila pia usimshushie lekcha ya siasa. Muulize kwanza amesikia nini na kwa nani, mara nyingi utakuta ni video aliyoonyeshwa na mwenzake, basi jibu hicho hicho alichouliza, bila uongo, kisha mpe kakazi, hata ka kuchaji tochi, maana akiwa na cha kufanya anatulia.

Sasa hewa, hapa nakaa kidogo maana ndo pana mgongano. Virusi vya Korona vinasafiri hewani, kwa hiyo ushauri ni fungua madirisha. Dirisha moja halitoshi, fungua mawili yanayotazamana au dirisha na mlango wa upande wa pili ili hewa ipite, na kama unataka kujua kama inapita kweli shika kipande cha tishu kwa ncha karibu na dirisha, kikicheza ujue kazi inafanyika, kikining'inia tu kimya fungua mlango mwingine. Mgonjwa mpe chumba chake kama kipo, dirisha wazi mlango umefungwa, na mtu mmoja tu wa kumhudumia.

Lakini siku nje kuna moshi mzito unafanya kinyume, unafunga kila kitu, unaziba hata uwazi wa chini ya mlango kwa taulo yenye maji, na siku hiyo ndani hakuna kukaanga, hakuna udi, hakuna mishumaa. Moshi ukipungua unafungua tena. Barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo sana za hewani, inasaidia pande zote mbili, moshi na virusi, ila ibane usoni, ndevu nyingi zinaacha upenyo. Ya kitambaa kwa moshi haina msaada wa maana.

Kuhusu stoo. Vita ilipoanza bei ya ngano na mafuta ya alizeti ilipanda dunia nzima, maana Urusi na Ukraine ni wauzaji wakubwa, na watu wakavamia madukani. Usifanye hivyo. Ukienda kununua vitu vya kawaida ongeza kimoja tu cha ziada kwenye kile mnachokula kila siku, sio kitu kigeni ambacho hakuna atakayekigusa, andika tarehe kwa maka peni juu ya mfuniko, kipya weka nyuma cha zamani vuta mbele. Kujaza stoo mpaka vioze ni hasara mara mbili: UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walikadiria mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 ikitoka majumbani kwetu, na chakula kikioza dampo kinatoa gesi ya methani inayozidisha joto la dunia. Mimi mtu akiniuliza aanze wapi kwenye mazingira namwambia aanze na friji yake, mambo ya mirija ya plastiki baadaye.

Maji weka kwenye chombo chenye mfuniko na bomba au mdomo mwembamba, kikombe kisizamishwe humo kabisa, mikono ndo inayochafua. Kama huyaamini yachemshe, yakishatokota sawasawa hesabu dakika 1 (milimani juu ya mita 2,000 hesabu 3) kisha yaache yapoe yakiwa yamefunikwa.

Sabuni ya kawaida inatosha mikononi, sekunde 20, inavunja ule utando wa mafuta wa kirusi. Dawa ya klorini usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, hata kidogo, inatoa gesi ya sumu na bafu nyingi hazina hewa.

Mwisho begi la dharura, liwe vita au mafuriko ni lile lile: kopi za vitambulisho na vyeti kwenye mfuko usiopitisha maji, dawa za wale wanaotumia kila siku, tochi, pawabenki, hela kidogo taslimu, maji, nguo za kubadili, na namba za simu zimeandikwa kwenye karatasi maana simu ikizima hakuna anayekumbuka namba ya mtu siku hizi. Likague kila baada ya miezi 6 hivi, betri na dawa zinaisha muda, na kama una watoto wajaribishe na viatu, vya mwaka jana haviingii.