Ukitafuta namba tasa, panga namba sita sita

Chati ya 1 hadi 100 karibu kila mahali hupangwa kumi kumi. Kwa kujumlisha inafaa sana, lakini kwa kusaka namba tasa, yaani zenye vigawo viwili tu, 1 na namba yenyewe, inachosha bure. Chukua daftari la hesabu lenye vyumba, andika namba sita kila mstari: 1 hadi 6, chini yake 7 hadi 12, endelea hivyo mpaka ufike 100.

Sasa tazama safu zinazoshuka. Ya pili, ya nne na ya sita ni shufwa tupu: bakiza 2, futa zote. Ya tatu ni vigawe vya 3: bakiza 3 yenyewe, futa zilizobaki. Kwa mistari minne ya kalamu umemaliza sehemu kubwa ya kazi, na namba tasa nyingine zote zimebanwa kwenye safu ya kwanza na ya tano.

Vigawe vya 5 vinashuka mshazari kuelekea kushoto (5, 10, 15, 20, 25), vya 7 vinaelekea kulia (7, 14, 21, 28, 35). Vifute, ila 5 na 7 zibaki. Futa na 1, maana si namba tasa. Huna haja ya kujaribu 11, kwa kuwa 11 × 11 ni 121, tayari umepita 100.

Zitabaki 25. Ukiona 26, angalia 91 kwanza. Inawaponza wengi, kumbe ni 7 × 13.