Kutunza Maji ya Akuaponiki ya Nyumbani: Chakula, Kichujio na pH

Katika akuaponiki, yaani kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale yanayozunguka, karibu mbolea yote ya mboga huingilia mdomoni mwa samaki. Kwa hiyo anza hesabu na chakula, ndipo uje kwenye ukubwa wa tangi. Kwa mboga za majani, piga gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba ya kitalu. Kwa nyanya, pilipili na matango, gramu 50 hadi 80. Tuseme una tangi la lita 1,000 lenye kilo 10 za sato. Wakila asilimia 1.5 ya uzito wao kwa siku, hizo ni gramu 150, zinazotosha mita 3 za mraba za saladi. Chakula kinachoelea bado baada ya dakika 15 kitoe kwa wavu, na kesho yake punguza kipimo.

Bakteria kwanza, samaki baadaye

Samaki hutoa amonia, nyingi yake ikipitia matamvua. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, na kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo mboga huila. Amonia na naitraiti ni sumu kwa samaki. Naitreti wanaivumilia hata ikiwa nyingi.

Kabla ya kuingiza samaki, tia amonia safi, isiyo na sabuni wala manukato, mpaka kipimo kisome miligramu 2 hadi 3 kwa lita. Pima kila baada ya siku mbili na uongeze inapokwisha. Siku utakayoona miligramu 2 zimekwisha ndani ya saa 24 na naitraiti ni sifuri, maji yako tayari. Katika nyuzi 25 hivi tarajia wiki 4 hadi 6, na maji ya baridi huchukua muda mrefu zaidi. Klorini ya maji ya bomba hutoka ukiyapiga hewa kwa siku moja au mbili. Kloramini haitoki hivyo: inahitaji dawa yake au kichujio cha kaboni.

Kinyesi kitoke kabla hakijaoza

Kosa tunaloliona zaidi ni kupeleka maji machafu moja kwa moja kwenye kichujio cha bakteria, yaani chombo wanamoishi bakteria hao. Tope hufunika sehemu wanazoishi, oksijeni inakatika, na amonia inapanda ingawa kichujio ni kikubwa. Weka pipa la kutuamisha katikati. Kwa tangi la lita 1,000, pipa la lita 200 linafaa: bomba la kuingiza lielekezwe ubavuni ili maji yazunguke polepole, uchafu utue chini katikati, na maji safi yatokee juu. Fungua koki ya chini kila siku mbili tatu. Pampu izungushe ujazo wote wa tangi mara moja kwa saa.

Usimwage tope hilo. Litie kwenye ndoo yenye jiwe la hewa linalofanya kazi usiku na mchana kwa wiki moja au mbili, liache litulie, kisha rudisha maji ya juu kwenye mfumo. Fosforasi nyingi imo humo.

Ukitumia kitalu cha kokoto na samaki ni wachache, kokoto zenyewe huchuja uchafu na kuwahifadhi bakteria. Chagua za milimita 8 hadi 20, kina cha sentimita 30, na maji yaishie sentimita 5 chini ya uso ili juu pasiote mwani. Zidondoshee siki kwanza: zikitoa povu zina chokaa, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) haitashuka mnavyotaka wewe na mboga zako. Kitalu kikinuka mayai yaliyooza, ndani hakuna hewa. Chimbua sehemu hiyo na uisuuze kwa maji ya tangi, kwa kuwa maji ya bomba yenye klorini huua bakteria.

pH hushuka, na inapaswa kushuka

Lengo ni 6.4 hadi 7.0. Bakteria wangependa zaidi ya hapo, mboga zingependa chini ya hapo. Bakteria wanapogeuza gramu 1 ya naitrojeni hula takriban gramu 7 za ugumu wa kaboneti (KH, akiba inayozuia pH kushuka), ndiyo maana mfumo wenye afya huvuta pH chini wiki hadi wiki. Mfumo mpya ambao pH yake haisogei kabisa, kagua bakteria wake, au kokoto zenye chokaa.

Pima KH pamoja na pH na uiweke kati ya miligramu 60 na 140 kwa lita. Gramu 20 za bikaboneti ya potasiamu katika lita 1,000 huongeza KH kwa miligramu 10 hivi. Zamu inayofuata tumia chokaa iliyozimwa, ukivaa glavu na miwani, ili mboga zipate kalisi pia. Yeyusha kwenye ndoo, mimina polepole mbali na samaki, na pH isipande zaidi ya 0.2 kwa siku. Sababu ni hii: katika nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu ya amonia haifiki asilimia 1, pH ikiwa 8, ni kama asilimia 5. Magadi ya kuokea yanapandisha pH vizuri tu, ila sodiamu yake hurundikana.

Chakula cha samaki kina chuma kidogo mno kwa mboga. Majani machanga yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, tia chuma cha DTPA (chuma kilichofungwa ili kibaki kimeyeyuka majini): gramu 18 za unga wa asilimia 11 kwa lita 1,000, sawa na miligramu 2 kwa lita, kila wiki tatu. Majani ya zamani yakiungua kingo, kinachopungua ni potasiamu.

Naitraiti ikipanda ghafla na samaki wakahema juu ya maji, acha kulisha, ongeza hewa, badilisha theluthi ya maji kwa maji yasiyo na klorini, kisha yeyusha gramu 200 za chumvi kwa lita 1,000. Kloridi huizuia naitraiti isipenye kwenye matamvua. Anza kulisha tena kwa nusu kipimo, naitraiti ikishasoma sifuri siku mbili mfululizo.