Kiungo cha mdoli kikigoma, kipashe moto kwanza
Wale mnaookota midoli ya vikatuni vya zamani, kina Popeye na Mickey Mouse, kwenye mivumba (mitumba) pale soko la Owino, Kampala, ile yenye viungo vya kukunja, kiwiko kikigoma msikizungushe kwa nguvu jamani. Chemsha maji, epua yatulie dakika mbili tatu, tumbukiza mkono ule wa mdoli tu kama nusu dakika, toa, futa, halafu usogeze polepole huku na huku utasikia kinaachia chenyewe. Plastiki ya PVC ikipata joto inalainika, na rangi iliyogandisha kiungo inaachia, lakini ikiwa baridi unavunja kipini cha ndani na hapo hata supaglu haikishiki vizuri, yaani inauma sana maana vipuri vyake huku hatuvipati. Mdoli mwenye betri, nguo au stika usimtie majini, tumia draya ya nywele kwa mbali. Modeli za kuunganisha mwenyewe zile za plastiki ya polistireni ziacheni kabisa, joto linazipinda. Na kama pini ni ya chuma imeshika kutu, maji moto hayasaidii, weka tone la mafuta ya silikoni ulaze mpaka asubuhi ndo ujaribu tena.