Sauti ya Kwanza ya Saksafoni Inaanzia Kwenye Ulimi

Mwanafunzi mpya akishika saksafoni, vidole hukimbilia vibonyezo. Mimi humwachia kwanza kile kipande cheusi cha kupulizia, mwili wote nauweka kando. Nafundisha vijana wa bendi ya kanisa, na sijawahi kuanzia pengine.

Jina lenyewe linasema kwa nini. Adolphe Sax, fundi wa ala aliyezaliwa Dinant, Ubelgiji, mwaka 1814, alichukua jina la ukoo wake akaliunga na neno la Kigiriki phone, yaani sauti. Sauti ya Sax. Hataza aliipata Paris mwaka 1846. Mwili aliufanya wa shaba, lakini juu akaweka ulimi wa tete, yaani kibanzi chembamba cha tete kinachofungwa kwenye kipande cha kupulizia, kama wa klarineti, ala aliyoipiga mwenyewe. Ndiyo maana saksafoni huhesabiwa pamoja na klarineti, si na tarumbeta: kinachotetemeka mdomoni ni tete.

Basi chukua ulimi wa tete wa ugumu namba 2. Uweke mdomoni dakika moja au mbili mpaka ulowe. Ulaze kwa upande wake bapa juu ya kipande, ncha kwa ncha, kiasi kwamba ukitazama kwa mbele unaona weusi wa kipande ukichungulia kwa unene wa unywele. Hapa usiwe na haraka kabisa. Ulimi ukienda upogo hata kidogo, sauti inakwama au inalia kama bata. Kaza pete inayoushika ulimi kwenye kipande, ila ulimi usiteleze tu, basi.

Mdomo wa chini uukunje kidogo juu ya meno. Meno ya juu yatue kwenye kipande, kama sentimita moja kutoka nchani. Mashavu yasifure. Puliza mkondo mmoja usiokatika, kama anayechochea mkaa. Kwa saksafoni ya alto, kipande peke yake kikitoa noti ya A ya juu, umepatia. Ikipanda zaidi, unabana mno.

Sasa unga shingo na mwili, vaa mkanda, bonyeza kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto tu. Hiyo ni noti ya B. Ishikilie sekunde kumi.

Kijana mmoja alinijia akilalamika kwamba chombo chake kibovu. Nililegeza pete, nikaunyoosha ulimi, nikamrudishia. Alipiga B ileile jioni nzima, na sikumkataza.

Ukimaliza, toa ulimi, ufute mate, uuhifadhi ukiwa bapa ndani ya kikasha chake.