Ganda la risasi ya kale: anza na kitako

Mimi ni fundi wa saa hapa Luthuli Avenue. Ugonjwa huu wa kukusanya maganda ya risasi za kale ulinishika Gikomba, nilipomwaga kopo la skrubu nililouziwa mia na hamsini, nikakuta kiganda cha shaba kilichoandikwa ELEY LONDON. Nikakisugua kwa dawa ya kung'arishia mpaka herufi zikafifia. Basi usinisugulie kitu! Brashi laini na kitambaa kikavu vinatosha.

Sheria kwanza. Kenya hii, risasi nzima bila cheti cha silaha ni kesi, hata kama ni ya enzi za babu. Chukua ganda tupu tu, ambalo fataki yake (kile kiwashio cha baruti kinachogongwa na nyundo) imeshapigwa, na hata hilo uliza kituoni kabla hujaliweka kabatini, mimi niliuliza. Ukikuta nzima, iache palepale uite polisi. Zile za Lefaucheux, mtengenezaji silaha wa Kifaransa, zenye pini ubavuni ni mbaya zaidi: ikiangukia pini, inaweza kulipuka.

Sasa vaa lenzi ya jicho, geuza ganda, soma kitako. Tundu dogo la pini ubavuni? Huyo ni Mfaransa, ukoo wa rivolva ya 1854. Kitako kitupu, ila ukingo umebonyea mahali pamoja? Fataki ilikuwa ndani ya ukingo wenyewe, kama risasi ndogo za Smith & Wesson za 1857. Kiduara katikati, chenye kishimo cha nyundo? Hapo umefika kwa rivolva za Kiingereza, kina Adams wa 1868 na Webley waliokuja baadaye.

Webley .455 ndiyo inayonipa raha. Chukua kalipa, kile kipimo cha taya mbili, upime urefu wa ganda. Karibu milimita 22 ni la mwanzo, la baruti nyeusi, iliyohitaji nafasi kubwa. Karibu 19 ni la baada ya kodaiti, baruti isiyo na moshi mwingi, kuingia: nguvu ileile kwa ujazo mdogo, ndipo wakalifupisha mwaka 1897. Milimita tatu tu, na wauzaji wengi huzichanganya.

Kuhifadhi: mbali na sabuni za choo zenye amonia. Jeshi la Waingereza kule India lilishangaa maganda yakipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua. Kumbe ni mvuke wa amonia kutoka mkojo wa farasi, ndio uliopasua shaba. Mimi natumia vijikopo vya vipuri vya saa, na karatasi ndani: urefu, maandishi ya kitakoni, nilikolipata. Kwa penseli, maana wino huhamia kwenye shaba.